Kilio Changu Kwenye Redio ya Jirani

Nilikuwa nafua uani, povu limefika kwenye viwiko, nikasikia redio ya jirani inalia.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inalia kilio cha mwanamke, kile cha kujizuia, cha mtu aliyeng'ata nguo mdomoni ili wenzake wasisikie.

Nikasimama na shati mkononi, maji yananichuruzika mpaka magotini.

Kilio kile kilikuwa changu.

Sisemi kilifanana na changu. Nasema changu, kimetoka kwenye koo hili hili ninalomezea mate.

Na sekunde chache kabla yake, mwigizaji wa kike alikuwa amesema: "Nilimzaa mimi, nikamkabidhi kwa dada yangu. Leo mwanangu mwenyewe ananiita mama mdogo."

Nikaipiga ndoo teke bila kujua, maji yakaenda yalikotaka.

Siri yangu ya maisha, na nchi nzima inaisikiliza huku inakunywa chai ya Jumapili!

Tulieni kwanza niwaeleze nilifikaje redioni, maana najua kuna watakaosema bibi huyu kachanganyikiwa.

Mimi ni mtu wa njia. Shule nilisoma vipande vipande, hapa muhula, kule mwaka, pengine nilisomea dirishani kwa kuwa ndani hawakunitaka. Nimepika kwenye kambi za wajenga barabara. Nimepiga pasi hotelini. Nimekata tikiti za sinema. Lakini kazi niliyoipenda mpaka kesho ni ile ya studio ya redio.

Nilikuwa mtengeneza vishindo.

Mkisikia kwenye mchezo wa redio mtu anatembea juu ya kokoto, mnadhani kuna mtu anatembea? Ni mimi nimechuchumaa, viatu nimevaa mikononi, nakanyaga kokoto kwenye sinia. Mvua ni mchele namwaga juu ya karatasi. Kofi ni mimi najizaba paja mwenyewe.

Na lile busu lililowafanya shangazi zenu waangalie pembeni na kuchekacheka, jamani, ni mimi nabusu kiganja changu.

Studio nzima waliniita Vishindo. Jina langu hata mhasibu alishalisahau.

Sasa pale studio kulikuwa na mwanamume tuliyemwita Sultani.

Ndiye aliyekuwa shujaa wa mchezo wetu wa mapenzi, yule kijana tajiri anayempenda binti wa fundi cherehani. Ana sauti, huyo! Sauti ya kumtoa nyoka pangoni, nyoka mwenyewe aje amebeba kiti.

Wanawake walimwandikia barua mpaka msimamizi wa posta akatuchukia.

Na kiburi, basi, hakuwekewa kipimo. Alikuwa na kikombe chake, kiti chake, na msumari wake ukutani wa kutundika koti. Ukimsalimia, salamu inaingia, haitoki.

Waigizaji wengine walikuwa wanasimama kuzunguka maikrofoni moja, wanasukumana kwa viwiko, mmoja akikosea wote wanaangua kicheko. Sultani, hapana.

"Mimi sisubiri watu wanaokosea," alisema.

Kwa hiyo yeye alirekodi peke yake asubuhi. Anapewa maneno yake tu, ya wenzake hayaombi. Anayasoma akiwa ameelekea ukuta, anachukua koti, anakwenda zake. Mchana wenzake wanarekodi yao, fundi wa mitambo anaunganisha.

Miaka yote ile, kila alipomwambia binti wa fundi cherehani "nakupenda", alikuwa anauambia ukuta. Na binti alimjibu nini, hakujua wala hakuuliza.

Siku moja uvumilivu ukanishinda.

"Kaka," nikamwambia, "huoni haya kumjibu mtu ambaye hujamsikia?"

Akanigeukia taratibu kama mlango wa benki.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni miguu yako."

"Nini?"

"Kila unapotembea redioni ni mimi. Bila mimi ungekuwa unaelea kama puto."

Nikadhani nimefukuzwa kazi. Akacheka, kicheko kibaya, cha kukwaruza, hakifanani kabisa na kile cha redioni. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza.

Kuanzia siku hiyo akawa anachelewa kuondoka. Anakaa pembeni ananitazama ninavyotembeza viatu kwenye sinia. Halafu akaanza kunisindikiza. Halafu, mambo yakawa mambo.

Nilimrekebisha kidogo kidogo. Akimpigia mhudumu wa hoteli vidole, namshika mkono. "Mwite kwa mdomo. Mdomo si unao?" Ananuna, lakini anamwita.

Alipotaka kunioa, nikaona siwezi kuingia nyumbani kwa mtu na mzigo nimeuficha. Nikamwambia yote tukiwa tumekaa kwenye benchi la studio.

Nilimzaa binti nikiwa mpishi kambini. Baba yake alikuwa dereva wa katapila, barabara ilipoisha na yeye akaisha. Dada yangu alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto. Akasema, "Nipe mimi. Wewe una maisha mbele." Nikampa. Binti akakua anamwita dada yangu mama, na mimi mama mdogo.

Kila nikienda kumwona, nikiaga, nilikuwa nasimama nje ya geti nalia kwanza ndipo niondoke.

Sultani alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo tu?" akauliza.

"Hilo tu? Mwenzako limeniua!"

"Basi tutafute nyumba ya vyumba viwili. Akitaka kuja, aje. Asipotaka, tutakwenda sisi."

Siku hiyo nilienda kwa dada nikiwa natembea juujuu. Nikamweleza kwamba Sultani ameshajua na amekubali, kwa hiyo baada ya harusi tumkalishe binti chini, mimi na yeye, tumweleze polepole kama watu wazima.

Dada alikuwa anachambua mboga.

"Hajakimbia?" akauliza.

"Hajakimbia, dada."

"Mungu mkubwa," akasema, akaendelea kuchambua.

Siku hizo hizo, bosi wetu, mama aliyekuwa anatunga na kuongoza michezo, akaniita kwa mkono kutoka nyuma ya kioo.

"Vishindo, nipe kilio. Mwanamke anaacha kitu anachokipenda na hataki watu wajue."

"Anaacha nini, bosi?"

"Wewe lia, mengine tutaunga."

Ndivyo tulivyofanya kazi, kila mtu anapewa kipande chake. Basi nikafumba macho, nikasimama nje ya lile geti la dada, nikalia.

Nilipofumbua macho, bosi alikuwa anajifuta kwa ukingo wa blauzi. "Umetumaliza," akasema. Nikacheka, nikaenda zangu kunywa chai. Mjinga mimi!

Sasa turudi uani.

Nilikimbia. Binti hakuwahi kukosa mchezo ule hata Jumapili moja. Nikakatiza sokoni, nikaruka mfereji, ndara moja nikaiacha huko. Watu wananipisha wakidhani nafukuza mwizi.

Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, radi ipige, umeme ukatike, betri zife.

Nikafika. Redio ilikuwa inatoa matangazo ya vifo.

Dada amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Binti amesimama karibu na redio, amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumapili, alikuwa anaijaribu baada ya kuishona upindo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mchezo umeisha?"

"Umeisha. Aliyelia ni wewe."

"Ndiyo kazi yangu, mwanangu, hata mvua ni—"

"Mwanangu," akalirudia lile neno kama mtu anayeonja chumvi. "Kila ukiondoka hapa unasimama nje ya geti unalia hivyohivyo. Nimekusikia tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa namuuliza mama, mbona mama mdogo analia? Mama anasema, ana mafua."

Akazima redio.

"Wewe una mafua gani ya miaka yote hiyo?"

Binti akatutazama, huyu, kisha huyu, kisha huyu tena. Akaingia chumbani. Tukasikia ufunguo ukizungushwa.

Kesho yake nikaenda studio sina hata salamu. Nilimkuta Sultani amesimama na mafundi.

"Umemwambia nani?"

"Nini?"

"Usijifanye mtoto mchanga. Mtu niliyemwambia duniani ni mmoja."

Nikamweleza kilichotoka redioni. Nikamwona anabadilika rangi. Alikuwa amekumbuka maneno aliyoyasoma ukutani wiki iliyopita: "Mtoto si kosa, mpenzi. Njoo naye." Alikuwa ameyatoa kwa ile sauti yake ya asali, akavaa koti, akaondoka.

"Nilipewa maneno yangu tu," akasema.

"Na hukuuliza unaambiwa nini?"

"Sina kawaida ya kuuliza."

"Una kawaida ya kusema, basi! Umesema kwa nani?"

Mafundi wakaanza kutazama viatu vyao.

"Unaniita mmbea?" akasema. "Mimi? Mbele ya watu?"

"Nakuita msaliti."

Laiti angesema neno moja, "si mimi", labda ningesita. Sultani gani? Akainua kidevu, akatoa koti kwenye msumari wake.

"Mtu anayenijua hawezi kuniuliza swali hilo. Na asiyenijua simjibu."

Akaondoka. Na harusi ikaondoka naye.

Nikamfuata bosi. Akanikatalia katakata. "Hadithi hazina mwenyewe, Vishindo. Watu wanaongea, mimi natunga. Simtaji mtu." Nikasema sawa, mficheni mwenzenu, mimi nimeshamjua.

Kwa dada mambo yalikuwa si mambo. Binti hatoki. Haendi shule. Sahani tunaiacha mlangoni, inarudi imeguswa kidogo tu.

Mimi na dada tukawa tunashinda sakafuni kwenye korido, migongo ukutani, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

Siku moja mchana akaongea kupitia mlangoni.

"Mlinificha, sawa. Nitajaribu kuelewa. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Nani kaipeleka habari yangu redioni?"

Akagonga mlango kwa ndani.

"Begi langu nimeshafunga. Kama ni mmoja wenu kaniuza, naondoka, na hamtaniona tena. Nyote wawili."

Jamani, huyo mtoto alikuwa hatanii. Ana kichwa kigumu kama changu, na mimi nikiondoka mahali huwa sirudi.

"Si mimi, mwanangu," dada akasema haraka.

"Si mimi," nikasema. "Ni yule Sultani."

"Uongo. Yule anakupenda. Mnamsingizia kwa sababu hayupo."

Tukasikia begi linaburutwa kuelekea mlangoni.

Na hapo hapo, nje, hodi.

Alikuwa Sultani, amekuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye suruali. Koti hana.

"Shikamoo, dada," akamwambia dada yangu. Katika muda wote niliomfahamu, sikuwahi kumsikia akiwa wa kwanza kumwamkia mtu.

Dada hakuitikia. Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni hasira.

Nilitaka kumfukuza, lakini alishapita. Akakaa sakafuni mbele ya mlango uliofungwa, yeye, mtu wa kiti chake.

"Binti," akaanza, "nimekuja kwako kwa moyo uliojaa—"

"Usiniletee sauti ya redio!"

Akakatika. Akakohoa. Akajaribu tena, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu wa kawaida anayeuliza njia.

"Ni mimi," akasema. "Mama yako aliniamini, nikaenda kujisifu. Nilimwambia bosi wetu jinsi nilivyo mtu mwema, kwamba nampokea mwanamke pamoja na mtoto wake. Nilitaka sifa. Ndiyo ikawa mchezo."

Akaegemeza paji la uso mlangoni.

"Aliyekuzaa hakukuuza. Aliyekulea hakukuuza. Ni mimi."

Ufunguo ukazunguka. Binti akatokea, macho yamevimba. Akamtazama Sultani pale chini muda mrefu.

"Nilikuwa nakupenda sana," akasema. "Redioni."

"Najua."

"Toka kwetu."

Kwetu! Nililisikia lile neno, moyo ukanirudi mahali pake. Amesema kwetu, haondoki.

Na nikamwona Sultani naye amelisikia. Akainama kidogo, akasema, "Ahsante." Mtu anafukuzwa, anasema ahsante! Nikaona huu sasa ni uigizaji uliopitiliza.

"Umeridhika?" nikamfuata mpaka getini. "Siku ile ulijifanya malaika. Leo umekiri. Mimi hukuniona mtu wa kuniambia?"

Akanitazama kama anataka kusema jambo. Kisha akatazama nyuma yangu, ndani, ambako dada alikuwa analia kwa sauti kubwa kuliko sote.

"Nisamehe, Vishindo," akasema. Akaenda.

Binti alifungua begi. Ilichukua muda, lakini alirudi kwetu. Dada alibaki mama. Mimi akanipachika jina la utani, Mama Mafua, na nililipokea kama cheo.

Sultani yalimpata. Binti aliwaambia wenzake shuleni, wenzake wakawaambia mama zao, na mama zao ndio waliokuwa wanaandika zile barua. Shujaa wa mapenzi mwenye mdomo! Bosi akalazimika, mchezoni, kumwozesha binti wa fundi cherehani kwa mtu mwingine, Sultani akapewa nafasi ya mlinzi wa geti, maneno mawili kwa wiki.

Nikasikia ameikubali. Nikasikia siku hizi anasimama na wenzake kwenye maikrofoni moja, anawashikia karatasi wanaume waliochukua nafasi yake. Nikasikia anasalimia mpaka mfagizi.

"Unafiki," nikasema. Nikaacha kazi, nikashika njia yangu.

Nimetembea miji mingi baada ya hapo na kila mji nilimchukia upya.

Miaka imekwenda. Mwaka juzi dada akafariki, tukamzika, binti akalia kama mtoto aliyetoka tumboni mwake.

Mwaka jana nilikuwa kliniki ya macho, kwenye foleni. Mwanamke wa pembeni yangu ana bandeji jicho moja. Nikakohoa, akageuka.

"Kikohozi hicho nakijua! Vishindo!"

Alikuwa bosi. Tukakumbatiana, vicheko, nani kafa nani yuko hai.

"Na pole kwa dada yako," akasema. "Nilichelewa kupata habari. Yule mama ndiye aliyenipa mchezo wangu mkubwa kuliko yote."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nani?"

Akashtuka. "Si... Mimi nilijua mlishayamaliza. Watu wenyewe wazee sasa."

"Bosi. Nani?"

Ikabidi aseme. Dada alikuja studio siku moja kuniletea mwavuli niliousahau, mimi nilikuwa nimetoka. Ilikuwa kabla sijampelekea habari kwamba Sultani anajua. Akamshika bosi mkono akamwambia, mwambieni huyo Sultani wenu anayetaka kuoa, mwanamke huyo ana mtoto kamficha kwangu, anamwita mama mdogo. Alitaka Sultani akimbie. Aliogopa nikiolewa nitamchukua binti, yeye abaki na nyumba tupu.

Kumbe ndiyo maana aliniuliza, "Hajakimbia?"

"Mimi nikaona kumwambia mtu ni umbea," bosi akasema. "Ila hadithi yenyewe nzuri. Nikaitunga."

"Na Sultani?"

"Siku ile mliyogombana alinijia juu, akasema nisipomtaja mtu anaacha mchezo. Nikamtaja. Nikamwambia, haya, nenda kajisafishe. Akakaa pale kwenye kiti chake kimya mpaka nikaogopa. Halafu akasema, 'Yule mtoto wiki hii ameshapoteza mama mmoja. Nikimpokonya na wa pili, hilo jina langu safi nitalipeleka wapi?'"

Muuguzi akaniita nikapimwe macho. Sikwenda. Macho ya nini tena?

Miaka yote nilikuwa natafuta kikulacho barabarani, kumbe kilikuwa kinaniandalia chai na kunifunika shuka kila nikienda kusalimia.

Bosi alinielekeza anakokaa Sultani. Nikagonga. Akafungua mwanamke mnene, ana unga mikononi.

"Wewe ndiye wa viatu," akasema kabla sijajitaja. "Ingia. Umechelewa kidogo, nimeshaolewa naye, lakini chai ipo."

Nilimkuta uani anamenya viazi. Mvi tupu. Akasimama, akavuta kigoda, akakifuta kwa kiganja chake ndipo akanipa.

"Nimeonana na bosi," nikasema.

Akaweka kisu chini.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi peke yangu?"

"Ungemtazama dada yako kwa jicho gani? Binti angelisoma usoni kwako asubuhi ile ile."

"Ukaniacha nikuchukie."

"Ndiyo."

"Hukuumia?"

"Niliumia sana." Akachukua kiazi, akakizungusha tu mkononi. "Ila fikiria. Watu walinipenda miaka mingi kwa maneno ambayo si yangu. Nikaona si ajabu nikichukiwa kwa kosa ambalo si langu. Halafu lilikuwa langu kidogo. Kama ningesimama na wenzangu nikasikia mchezo mzima, ningeuzuia. Nilikuwa mkubwa mno kusikiliza."

Nilikuja na maneno gunia zima, lote likamwagika njiani.

Na hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguliwa, mtoto wa kike akatoka mbio na mkate mkononi.

"Babu, bibi anasema viazi vi—" Akaniona. "Bibi Mafua! Umekujaje huku?"

Alikuwa mjukuu wangu. Mtoto wa binti yangu.

Nikamtazama Sultani. Sultani akatazama viazi.

Nikampigia binti simu papo hapo.

"Mwanao anafanya nini kwa huyu mtu?"

Nikasikia anafunga mlango. Halafu akasema, "Mama aliniambia. Alipoumwa, kabla hajafa. Nikaenda kumwomba huyo mzee msamaha, na watoto wakamzoea."

"Ulijua? Mwaka mzima ulijua?"

"Mama aliniomba nisikwambie. Alisema anataka afe ukiwa bado unampenda."

"Na baada ya kufa? Mimi si mama yako? Mnakula, mnacheka, mnaniacha mimi peke yangu namchukia mtu bure! Mlinificha wote!"

"Ndiyo, Mama Mafua," akasema, bila hasira yoyote. "Sasa umejua inavyokuwa."

Nikakata simu.

Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyenibembeleza, na nilishukuru. Mwishowe mke wa Sultani akanitupia kisu cha pili na beseni. Nikamenya viazi.

Vijana mnaonisoma, nimesalitiwa na watu watatu. Dada alinisaliti kwa woga, binti kwa ahadi, na huyu mwanamume kwa huruma. Niliyemhukumu ni mmoja, na nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa na kiburi, na mtu wa kiburi ni rahisi kumchukia. Ukiumizwa usimkamate yeyote aliye rahisi kumkamata. Na usidhani asiyejitetea hana la kusema.

Dada nimemsamehe, ingawa siku nyingine naamka sijamsamehe, naanza upya.

Sultani alikivua kiburi chake kama koti siku moja, mbele ya mlango uliofungwa, na hakurudi kukichukua. Mimi changu ni cha vifungo vingi. Nipo kwenye cha pili.